Viota vya Bi Mashuka

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Mashuka alifua damu ya watu asiowajua. Mashuka yalimfikia yakiwa mabunda, katika chumba cha kufulia kilichokuwa nyuma kabisa ya hospitali, na yeye aliyasoma kama wengine wanavyosoma barua: huyu kajifungua, huyu kapasuliwa, huyu hakurudi kwao. Aliyafua, akayapitisha kwenye mashine ya pasi, akayakunja pembe juu ya pembe, akayarudisha wodini yakiwa meupe pe, hayana tena habari ya mtu yeyote. Alifua mashuka ya wodi ya wazazi kwa maelfu. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini na mtaani, hata kwa mdogo wake wa tumbo moja pale alipotaka kumchokoza, alikuwa Bi Mashuka.

Siku ya kumuaga, wakubwa walitoa hotuba, wakampigia makofi, wakamkabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Aliifungua mbele yao. Ilikuwa pasi ya umeme.

Alishukuru kwa adabu, akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya kabati na kuitazama siku tatu. Siku ya nne aliibeba hadi kwa muuza chakula cha kuku wa pale kona, mtu wa maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa, akaitua mbele yake juu ya gunia la pumba.

"Nipe vifaranga, uchukue hii."

Profesa aliigeuza huku na huku. "Mama, hii mpya kabisa! Hata plagi haijawahi kuona ukuta."

"Ndiyo maana nakupa. Nikishaizoea sitaiachia, nitakufa nimeishika."

Ndivyo alivyorudi na vifaranga kumi na wawili ndani ya boksi la sabuni, wote majike kwa kiapo cha Profesa.

Tangu awe mjane, miaka sita sasa, Bi Mashuka aliishi kwa mdogo wake, seremala mpole aliyezungumza na mbao zaidi ya watu. Seremala alimjengea dada yake banda la kuku uani, mlango wake unafungika bila kukwaruza, na ndani yake, kwa ukuta mmoja, akapanga viota sita vya mbao kama makabati madogo yasiyo na milango. "Nyumba hii kuku wakiihama," alisema, "nahamia mimi."

Vifaranga wakakua. Manyoya ya mtoto yakadondoka, yakaja ya ujana, shingo zikarefuka, na kila mmoja akaanza kuwa mtu wake. Bi Mashuka aliwapa majina aliyoyajua. Yule mkubwa wa kifua cheupe, asiyependa wengine wasimame ovyo, alikuwa Matroni. Aliyekimbilia mlangoni kila geti likilia alikuwa Mapokezi. Famasi alidonoa punje moja moja, kwa kipimo. Na alikuwepo Daktari Bingwa, ambaye alionekana mara moja kwa siku, na hukuweza kujua ni saa ngapi.

Profesa alikuwa amesema: miezi mitano, mama, mitano na kidogo, utasikia wanatetea. Miezi mitano ikatimia. Kikapita na hicho kidogo. Viota sita vikabaki vitupu, na mtu wa kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, mke wa seremala, alikuwa mpishi wa shule. Aliwapikia watoto mia nne kila siku, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ya kufika mwisho wa foleni. Walitaniana na Bi Mashuka tangu siku ya harusi, kama ilivyo ada ya mawifi, na utani wao ulikuwa na meno lakini haukuwa na sumu.

"Wifi," alisema Jumatatu wakila, "katika nyumba hii tutapata maziwa ya kuku kabla ya mayai."

"Watataga. Hawajakomaa."

"Hawajakomaa! Matroni ana makalio kama yangu!" Seremala akatazama sahani yake. Mkewe akaendelea, maneno yakiteleza kwa utamu wake mwenyewe: "Sasa sikiliza. Jumapili wakwe wetu wanakuja na mjukuu. Kama hadi Jumamosi jioni sijaona yai, mimi nateleka maji ya kunyonyolea. Mmoja nachemsha, mmoja nakaanga, na wengine watafuata foleni."

Ulikuwa mzaha. Lakini seremala, ambaye kwa kawaida hakusikia nusu ya yanayosemwa mezani, siku hiyo alisikia yote. Kesho yake asubuhi alipiga simu kwa wakwe na kuwaambia waje na njaa, Jumapili ni kuku. Mzaha ukawa neno, neno likawa ahadi, na ahadi ilishatoka nje ya nyumba.

Bi Mashuka aliposikia hakulia wala hakugomba. Kuku walikuwa wake, lakini nyumba haikuwa yake, na mtu aliyekula kwenye sufuria ya mwenzake miaka sita hurefusha subira, harefushi ulimi. Alimwendea wifi yake jikoni.

"Neno ni neno, wifi. Na likipatikana yai?"

Wifi alikuwa anamenya vitunguu. Huenda ndivyo vilivyomfanya apepese macho. "Likipatikana, wakwe watakula maharage, na mimi nitawaomba radhi hao kuku mmoja mmoja kwa jina."

"Haya."

Kuanzia hapo Bi Mashuka akawa mtu wa zamu. Hakuwa amewahi kuwa na kitu kilichoanzia kwake. Kila kilichopita mikononi mwake kilikuwa kimekwishaanza na kwisha kwa mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kufuta alama. Sasa alitaka, kwa hamu iliyomtia aibu kidogo katika umri ule, kuona kitu kinaanza. Basi akafanya alichojua kufanya vizuri kuliko watu wote wa mtaa ule. Aliamka jua likichomoza, akawatoa kuku uani, akainamia viota vyake. Alikuwa amekata shuka zake kuukuu vipande kumi na viwili, kila kiota na vitandiko vyake viwili. Alivitoa sita vilivyolaliwa, hata kama vilikuwa safi, akatandika vingine sita, akachomeka pembe kwa ule mkunjo mkali wa wodini usiofunguka hata mgonjwa akipigana na ndoto. Akafuta mbao kwa maji ya dawa, ile inayochoma pua. Vile vya jana vikafuliwa, vikaanikwa, na kamba ya nguo ikawa na vitambaa vidogo vyeupe kama nyumba yenye mapacha watatu.

Jumatano alikwenda kwa Profesa kuuliza dalili.

"Angalia upanga, mama, kile kinyama cha kichwani. Kikiwiva kama pilipili, yuko tayari. Halafu mwekee kiganja mgongoni. Akichuchumaa na kutanua mabawa, hesabu siku."

Bi Mashuka alirudi karibu mbio. Upanga wa Matroni ulikuwa mwekundu wa kung'aa. Aliweka kiganja, polepole, kile kiganja kilichobabuka kwa sabuni. Matroni akachuchumaa, akatanua mabawa, akatulia chini ya mkono ule kama anayesubiri kupimwa. Bi Mashuka akabaki hivyo muda mrefu, ameinama, kiuno kinamuuma, anatabasamu peke yake.

Alhamisi hakukuwa na yai. Matroni alizunguka banda zima akilalamika, akachungulia kiota cha kwanza, akachungulia cha pili, akarudisha kichwa kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Ijumaa mchana wifi alirudi kutoka shuleni, akapitia uani akisema anaanika kitambaa, kisha akaingia ndani akiimba, jambo ambalo si kawaida ya mtu aliyesimama jikoni tangu alfajiri. Muda mfupi baadaye Bi Mashuka alifanya mzunguko wake wa saa tisa. Katika kiota cha tatu, katikati ya kitandiko cheupe, palikuwa na yai.

Aliligusa kwa kidole kimoja. Lilikuwa na uvuguvugu.

Kigelegele kilimtoka bila kuombwa. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alipiga kigelegele. Kilianza na mikwaruzo, kikapata njia, kikaruka ukuta. Seremala alitoka karakanani na randa mkononi. Profesa alifika kutoka kona, hata duka hakufunga. Wifi alitoka jikoni amebeba kikaango, uso unawaka furaha.

"Si nilisema!" alipaza sauti, ingawa hakuna aliyekumbuka akisema. "Wakwe watakula maharage! Tulikaange hili sasa hivi, kila mtu aonje, hata kama ni tone!"

Profesa alilipokea yai, akalipima kwa mkono. "Kubwa hili," alisema. "Yai la kwanza la mtetea huwa dogo, mama. Hili ni la kuku mwenye wajukuu."

"Wivu huo, Profesa," wifi akamkata. "Vunja, wifi!"

Mafuta yakachemka kwenye jiko la mkaa pale uani. Bi Mashuka akaligonga yai kwenye ukingo wa kikaango. Halikumwagika. Akaligonga tena. Ganda likabanduka kipande, na ndani pakatokea weupe mgumu, laini, uliokwishaiva.

Mafuta yakaendelea kulia peke yake.

"Mama," alisema Profesa mwishowe, kwa heshima kubwa, "huyu kuku wako ana jiko tumboni."

Seremala alianza kucheka kimya kimya, mabega yakatikisika, mpaka akaegemea mlango wa banda usiokwaruza na machozi yakamtoka. Profesa akamfuata. Bi Mashuka hakucheka. Hakulitazama yai pia. Alitazama aproni ya wifi yake, kwa yale macho yaliyosoma vitambaa miaka thelathini na mmoja.

"Wifi," alisema, "mfuko wa aproni yako umelowa duara."

Wifi aliufunika kwa mkono, akachelewa. Sauti ile ya mwisho wa foleni ikawa ndogo.

"Shuleni trei zilikuwa mbili, wifi. Mabichi kulia, ya kuchemsha kushoto. Nilikuwa na haraka ya mwizi. Nikachukua la kushoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mdomo ni wangu na kisu ni changu!" Sasa alikuwa karibu kulia na karibu kucheka, hajui aanze na lipi. "Nilitania, mume wangu akapiga simu, ningerudije nyuma? Kila siku nikirudi kazini Mapokezi ananipokea getini. Huyu bwana hapa hanipokei, Mapokezi ananipokea! Nimkate shingo kwa mkono upi?"

"Basi, yamekwisha," alisema seremala, akifuta macho. "Nawapigia wakwe. Hakuna kuku kuchinjwa."

Hapo ndipo Bi Mashuka alipowashangaza wote. "Usipige," alisema. "Yai la huruma silitaki. Neno ni neno, na Jumamosi jioni haijafika. Wakitaga wataishi kwa jasho lao. Wasipotaga, kisu nitashika mimi."

Alisema hivyo akiwa wima, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga yake, pembe juu ya pembe. Nyumba ilimheshimu. Ni Profesa tu aliyesogea hadi bandani, ili kuuficha uso wake, akainama kuchungulia. Akainuka haraka. Akanusa hewa. Akainama tena.

"Mama," aliita. "Humu anataga nani? Waziri wa afya?"

"Kuna nini?"

"Kuna shuka! Tena umechomeka! Na hii harufu ya dawa, macho yananiwasha. Unabadilisha lini?"

"Kila siku," alisema Bi Mashuka. "Siku za vumbi, mara mbili."

Profesa alikaa chini juu ya debe la maji, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alifikiri kabla ya kusema.

"Kuku si mgonjwa, mama. Mtetea anayetaka kutaga anatafuta mahali pa siri, penye kagiza, penye harufu yake mwenyewe. Analala pale leo, anachakura kesho, anapazoea. Wewe kila asubuhi unamfutia. Kila siku anaamka mgeni kwake. Hata mimi humu nisingethubutu. Ningeogopa kupigwa sindano."

Wifi aliziba mdomo kwa aproni yake iliyolowa. Bi Mashuka alisimama mbele ya viota sita, weupe wake wote ukimtazama, na kama kuna mtu aliyeona ni kiasi gani cha maisha yake kilikuwa pale, kimechomekwa vizuri pembeni, alikuwa ni mdogo wake, maana aliacha kucheka na kwenda kuleta gunia la maranda.

Bi Mashuka alivitoa vitandiko kimoja kimoja kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Wakajaza maranda ya mbao, wakachanganya na makapi ya sakafuni, manyoya, vumbi, na vile vingine ambavyo kuku huacha bila kuomba ruhusa. Alifanya hivyo uso umekunjamana, kama mtu anayeogesha mtoto kwa matope. Seremala akapigilia kipande cha gunia mbele ya viota ili giza liingie.

"Haya," Bi Mashuka akawaambia kuku. "Lalieni uchafu, tuone."

"Na kesho usisogee hapa," Profesa akaonya. "Wala kufunua gunia. Kaa mbali."

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko zamu yoyote aliyowahi kufanya. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, hana cha kufua. Mara mbili alinyanyuka na ufagio. Mara mbili wifi yake akamnyang'anya bila neno, akampa maharage ya kuchambua, ambayo hakuna aliyejua yangepikwa au la. Kisu kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa, na wote wawili walipita mbali nacho kana kwamba ni mtu aliyelala. Karakanani nako randa ilikuwa inasikika, kisha haisikiki, kisha inasikika. Seremala naye alikuwa anasikiliza.

Jua lilipokuwa utosini Matroni alianza safari zake. Alienda, akarudi. Alisema na nafsi yake kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetafuta funguo. Alisimama mbele ya gunia, akainamisha kichwa upande, jicho moja likachungulia giza. Dirishani, mawifi wawili walikuwa wamebanana bega kwa bega, hawapumui.

"Anaingia," alinong'ona mpishi.

"Nyamaza, utamharibia."

"Mkia umebaki nje."

"Nyamaza, wewe!"

Mkia ukaingia.

Kilichofuata hakikuwa na sauti. Upepo ulitikisa kamba ya nguo, ambayo siku hiyo haikuwa na kitu. Bi Mashuka alijikuta ameshika mkono wa wifi yake, na wala hakujua nani aliutafuta wa mwenzake. Labda siku za Matroni zilikuwa zimetimia tu, na angetaga hata juu ya meza ya upasuaji. Labda. Lakini katika nusu saa ile aliona wazi, kama mtu anavyoona chini ya maji yakitulia, kwamba kuna vitu haviji mpaka uviache vichafuke kidogo, na kwamba yeye aliishi karibu na kuzaliwa kote kule bila kuambiwa hilo na mtu.

Kisha uani pakalipuka. Matroni alitoka chini ya gunia kichwa juu, akitetea kwa nguvu zote, na wengine kumi na mmoja wakadakia, wasiojua habari wakipiga kelele kuliko anayeijua.

"Nenda wewe, dada," alisema seremala, aliyekuwa amefika mlangoni.

Alipenyeza mkono gizani. Maranda yalikuwa na joto, na katikati ya joto palikuwa na kitu kidogo, kilicholowa kidogo, kinachokauka mkononi mwake hata alipokuwa anakitoa. Lilikuwa dogo kama limau changa, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake pamepita uzi mwembamba wa damu.

Damu aliijua kuliko mtu yeyote pale. Aliijua ya jeraha, aliijua ya kisu, aliijua ile inayosema hakuna tena. Hii hakuwahi kuishika kabla mtu hajaifunga bunda na kumtupia. Ilikuwa ya kuanza.

"Lete nilifute," alisema wifi, kitambaa mkononi.

"Liache," alisema Bi Mashuka. "Wacha lionekane lilikotoka."

Mpishi alitimiza neno lake siku hiyohiyo. Alichuchumaa katikati ya uani na aproni yake, akawaomba radhi kuku mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, na alipofika kwa Mapokezi alikaa zaidi. Daktari Bingwa hakupatikana. Aliachiwa ujumbe.

Jumapili wakwe walikuja, na njaa yao, kama walivyoambiwa. Mjukuu alipitishwa mikono hadi mikono, wakubwa wakanawa, meza ikafunuliwa: maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vingi, mboga, wali, na sahani moja ndogo yenye mayai matatu madogo, la Matroni na mengine mawili ya asubuhi hiyo, yaliyokatwa vipande vyembamba ili kila mtu apate. Mkwe mwanamume, mzee wa watu, alikitazama kipande chake, akatazama meza nzima kwa adabu, akamgeukia mwenyeji.

"Nilisikia habari ya kuku," alisema.

Seremala alimtazama mkewe. Mkewe akamjazia mzee maharage hadi ukingoni.

"Wapo, mkwe, wapo wazima kabisa," alisema. "Ila leo wako kazini."

Mzee akacheka mpaka akaweka kijiko chini, na kabla hajakiokota, uani palianza tena: sauti mpya, nyembamba, ya kushangaa, ya mtu ambaye hajawahi kupaza sauti maishani. Haikuwa ya Matroni.

"Huyo naye anasema nini?" aliuliza mkwe mwanamke, akimtikisa mtoto magotini.

Wakageukia kiti cha Bi Mashuka ili awajibu. Kilikuwa kitupu, na mlango wa uani, usiokwaruza, ulikuwa bado unacheza.